Mnazi wa uani unayapita

Calgary, Kanada

Babu, shikamoo.

Najua Zena ndiye anayekusomea. Zena, usiruke mstari hata Babu akianza kubisha. Maana atabisha.

Jumapili nilikwenda kuyaona yale maji yako. Yale ya picha ya sinema ya Marilyn Monroe uliyotusimulia barazani mpaka tukaijua kukushinda: chelezo cha magogo, mto umechachamaa, mishale inaruka kutoka majabalini. River of No Return, ya mwaka 1954. Mimi nimekaa Calgary miaka mitatu bila kujua kwamba mto wenyewe nakunywa kila siku. Ndiyo, Babu. Ni Mto Bow, unapita katikati ya mji wetu, na maji mengi ya mabomba ya huku hutoka humo. Ndiyo ninayochemshia chai.

Hadi Banff, mji wa milimani walikopigia picha ile, ni kilomita kama 130. Ukishuka kwenye basi unatembea kidogo tu, unayafikia Maporomoko ya Bow, na hoteli kubwa kama ngome imeyachungulia kutoka juu. Sasa jishikilie. Ulituambia ni minazi kumi iliyobebana. Kimo chake ni mita 9 hivi. Mita tisa, Babu! Mnazi wetu wa uani unayapita, na wenyewe umeinama. Upana ndio wa maana kidogo, mita 30. Yaani nauli yote ile, na ningeshuka pale Soni tukienda Lushoto ningeridhika vilevile.

Nilicheka peke yangu mpaka mzungu mmoja akanitazama. Halafu nikarudi nyumbani kusoma, nijue walikupata vipi. Picha ile ilipigwa kwa CinemaScope, mtindo uliokuwa umeingia mwaka mmoja tu kabla. Lenzi ya kamera inaiminya picha ienee kwenye mkanda wa kawaida, halafu lenzi ya projekta inaikunjua, upana ukawa zaidi ya mara mbili ya kimo. Si ulisema siku ile pazia lilivutwa likapita pale ulipozoea kuliona likiishia? Basi ndiyo hiyo. Nawe ulikata tiketi ya viti vya mbele kabisa, vya bei ya chini, shingo juu. Pale hata mtaro wa Barabara ya 12 ungeuona Mto Naili.

La kukuudhi zaidi linakuja. Zile sura za karibu, Monroe na Robert Mitchum wameloa chapachapa juu ya chelezo, zilipigwa studio. Chelezo kiliwekwa juu ya mtambo wa kukitikisa, nyuma yake skrini kubwa ikionyesha mto waliokwisha kuupiga huku, na pembeni wamesimama watu na ndoo, wanawamwagia maji. Ndoo, Babu, kama tunavyoogesha mbuzi! Lakini usiwadharau wote. Huku milimani nako walitaabika. Monroe aliteguka mguu, akawa anatembea kwa magongo.

Na jina la mto nalo ni la kuazima. Mto uliopewa sifa ya kutorudi ni Salmon, jimbo la Idaho, Marekani: mashua ziliweza kushuka nao, kupanda hazikuweza. Kanada ilitoa sura tu, na bado inatoa. Unforgiven ya Clint Eastwood, ya 1992, hadithi yake ni ya Wyoming, Marekani. Ilipigwa hapahapa kwenye jimbo letu la Alberta. The Revenant ya 2015 ilianzia huku, theluji ikawayeyukia, wakaifuata hadi Ajentina. Usiniulize habari za Django, ile picha yako ya kaboi. Haya, nitasema: Uhispania na Italia. Steringi wako Marekani hata hakuikanyaga kwa kazi ile.

Nakuona unavyoivuta kofia.

Ila kuna jambo moja ambalo hukutusimulia, na nadhani picha ndiyo iliyokunyima. Rangi. Maji haya ni ya kijani iliyotiwa maziwa. Barafu ya milimani inasaga mwamba ukawa unga laini kama wa muhogo, unga unaelea majini, jua likiupiga ndipo inatokea rangi ile. Niliinama nikatia mkono. Vidole viliuma hadi kwenye mfupa, nikautoa kabla sijamaliza kusema bismillahi. Na ngurumo yake! Mita tisa ni mita tisa, lakini ukisimama pembeni husikii mtu wa kando yako anasema nini. Waigizaji wakisemezana vizuri mbele ya maporomoko, ujue sauti zile mara nyingi wamezirudia baadaye, chumbani, pakiwa kimya.

Nilitaka nikuokotee kokoto moja uweke kwenye kabati la redio. Hairuhusiwi, ile ni hifadhi ya taifa tangu 1885, hata jiwe ni mali ya serikali. Kwa hiyo nimerekodi mlio kwa simu, dakika nne. Zena, upo kwenye WhatsApp yako. Mwekee sikioni, zima feni kwanza, halafu uniandikie atakavyosema.

Hicho kilio katikati si cha Monroe. Ni mtoto aliyeangusha aiskrimu.

Mjukuu wako,
Hamisi