Tope halina mwenyewe, mtaro unaye

Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Kampala aliandika wiki iliyopita kwamba baraza la jiji likimlazimisha mwenye duka kuzibua mtaro ulio mbele yake, linamtwika mwananchi mzigo wa serikali. Akaongeza kuwa katika nchi zilizoendelea mtu akishalipa kodi hana habari tena na barabara. Mimi nauza mchele na maharagwe hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, upande wa Barabara ya Naboa, tangu mji huu ukiitwa manispaa. Naomba nafasi nimjibu, maana hizo habari za nchi zilizoendelea hakuzieleza sawasawa.

Mtoto wa dada yangu anaishi Chicago. Huko theluji ikianguka usiku, njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya kila kiwanja inatakiwa iwe imesafishwa kabla ya saa nne asubuhi. Ikianguka mchana, mwisho ni saa nne usiku. Upana wa njia hiyo usipungue futi 5, ili kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vipite. Asiyetii anaweza kutozwa faini ya dola 50 hadi 500, na theluji yenyewe haruhusiwi kuisukumia barabarani. Kijana wetu alipofika mara ya kwanza alimwona mzee anahangaika na koleo alfajiri, akamsalimia akidhani ni mfanyakazi wa jiji. Kumbe ndiye mwenye nyumba wake. Boston nao hawana masihara, wanakupa muda wa saa tatu tu tangu theluji ikatike.

Ipo pia miji kama Montreal, kule Kanada, ambako jiji lenyewe hupitisha mashine ndogo juu ya njia za miguu na mwenye nyumba hasumbuliwi. Kwa hiyo wenye theluji wenyewe wamegawanyika. Ila Montreal ina hizo mashine. Sisi tuna vijana wawili wenye majembe wanaoonekana kila panapokaribia ziara ya mkubwa.

Ninachokipenda katika sheria ya Chicago ni kwamba haimuulizi mtu theluji imetoka kwa nani. Imetoka mbinguni, basi, kila mmoja aondoe iliyoangukia kwake. Hapa kwetu ukimwambia jirani asafishe mtaro jibu ni lile lile: "Hizo taka si zangu." Na ni kweli si zake! Mbale iko chini ya mlima Wanale. Mvua ikipiga kule juu, udongo wa mashamba ya kahawa na ndizi yaliyolimwa kwenye miteremko unashuka na maji hadi madukani kwetu. Nani atatambua udongo huu umetoka shamba la nani? Njiani unakusanya chupa za maji, maganda ya fenesi, kandambili za upande mmoja, na kavera, hiyo mifuko myembamba ya plastiki ambayo sheria iliipiga marufuku tangu mwaka 2009 na bado tunafungiwa nyanya ndani yake kila siku. Tukisubiri mwenye taka apatikane tutasubiri hadi maji yafike kifuani.

Kwangu yanafika kwenye magunia. Nimeweka chaga za mbao chini, lakini mvua ikiwa kubwa chaga hazitoshi. Gunia la mchele wa Doho likilowa kitako, punje za chini zinavimba na kunuka, na zile za juu hata kama ni kavu mteja hazitaki, maana anaiona alama ya maji kwenye gunia. Unaishia kumpigia simu mfuga kuku, na mfuga kuku anajua kabisa kwa nini umempigia.

Nisieleweke vibaya. Mafuriko ya usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika tukazika watu zaidi ya 20, hayakuletwa na mwenye duka aliyeacha mtaro wake. Ule ulikuwa mto, na mambo ya mto, ya madaraja na ya watu waliojenga kingoni ni ya serikali. Anayeyachanganya hayo mawili anataka kuikwepa lawama ya moja kwa kutumia jingine. Mimi nazungumzia mvua ya kawaida, ile ya saa tisa alasiri inayotuharibia biashara bila kutangazwa redioni.

Kwa nini basi iwe lazima, tusiachiane hiari? Kwa sababu hiari tumeijaribu. Sisi wenye maduka ya safu yetu tulikuwa tunachanga, tunawalipa vijana wanazibua. Mmoja, mwenye duka la kona palipo na kalvati, alikataa katakata. Maji yakafika kwake, yakakuta pamejaa, yakarudi kwetu sote tuliochanga. Kwenye theluji nako ndivyo ilivyo: nyumba tisa zikisafisha na ya kumi ikagoma, mtu wa kiti cha magurudumu anakwamia hapo hapo. Wengine wanatutajia umuganda wa Rwanda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni jambo zuri, ila kalvati langu haliwezi kungoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye yale ninayokubaliana na huyo msomaji, maana hakukosea yote.

Kwanza, mpangaji asibebeshwe. Sheria ya Chicago inamtaja mwenye jengo na mpangaji pamoja, hapo mimi siwafuati. Safu yetu ina jengo la mtu anayeishi Kampala. Tunamjua kwa kijana anayemtuma mwisho wa mwezi kuchukua pango. Vifuniko vya zege vya mtaro vilipoibwa, tulimwambia yule kijana, akatwambia atamfikishia tajiri, na tajiri mpaka leo hajafikiwa. Mtu kama huyo ndiye sheria imwandame. Na njia ya kumpata ipo tayari: majengo ya biashara na ya kupangisha hulipiwa kodi ya majengo kwa baraza. Faini ya mtaro iandikwe kwenye bili hiyo hiyo. Askari wa jiji asije dukani kwangu na kitabu cha risiti, kwa sababu sote tunajua mazungumzo yanavyokwenda askari akiwa amesimama mlangoni na wateja wanaangalia.

Nyumba ambayo mtu anaishi mwenyewe haitozwi kodi hiyo, na mimi naona tuiache kwanza. Yule mama mjane wa Namakwekwe asiogopeshwe na faini. Hata Chicago, pamoja na ukali wote, wana utaratibu wa watu wa kujitolea wanaowasafishia wazee na wasiojiweza. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anawajua wa kwake kwa majina.

La pili ndilo linaloniuma zaidi: tope likishatolewa linakwenda wapi? Hapa kwetu linalundikwa ukingoni mwa mtaro ule ule. Siku ya kwanza ni uji mwekundu unaonuka yai viza. Jua likiwaka linakauka na kuwa tuta gumu, wenye bodaboda wanaegesha pikipiki pembeni yake, na wanafunzi wanaotoka shule wanalazimika kushuka barabarani kwenye teksi ziendazo miji ya Kumi na Soroti. Yuko mzee mmoja anayeuza peremende kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, anaiendesha kwa mikono. Akifika kwenye tuta hana pa kupita, anangoja mtu amshike mkono wa usukani amteremshe lami. Kisha mvua inakuja, na tope lote linarudi mtaroni. Kijana wetu anasema huko nako watu hugombana na jiji kwa jambo linalofanana na hili: umemaliza njia yako, greda la barabarani linapita na kukurudishia lundo la theluji pale pale. Lakini theluji ina heri yake, jua likitoka inayeyuka. Tope la Wanale haliyeyuki.

Kwa hiyo mwenye jengo azibue, tope alirundike mahali palipopangwa, na baraza lilete lori kulichukua kwa siku inayojulikana. Lori lisipokuja, faini isitozwe. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mvua za nusu ya pili ya mwaka hazituchelewi sana baada ya hapo. Madiwani wetu wakipitisha sheria ndogo ya mitaro yenye fungu la lori ndani ya bajeti, nitachanga hata wino wa kuipigia chapa. Wakiipitisha bila lori, nitakwenda kuipinga ofisini kwao, na yule msomaji wa Kampala nitamlipia nauli aje tuingie pamoja.

Muuza mchele,
Mbale