Makocha wanawatema, wachezaji ndio wanaolaumiwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za michezo kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu vijana wetu wanaocheza mpira wa kikapu katika vyuo vya Marekani imenishinda kuvumilia. Mmewaita wasaka noti. Mmesema hawana subira, kila mwaka jezi mpya. Kocha mmemtaja mara moja tu, tena kama mtu aliyekimbiwa na watoto wasio na shukrani. Kazi yangu ilikuwa kushauri masomo ya wanamichezo katika chuo kimoja cha huku Ohio, na fomu hizo za kuhama ndizo zilizokuwa zikipita mezani kwangu. Mmemlaumu asiyestahili.

Haki ya kuhama haikudondoka kutoka mbinguni. Potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama, ilifunguliwa Oktoba 2018 na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, lakini hadi 2021 mchezaji wa kikapu wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, aliyehama alikaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza. Aprili 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikazuia adhabu kwa waliohama zaidi ya mara moja, na Aprili 2024 NCAA yenyewe ikaondoa kikomo kwa yeyote anayetimiza masharti ya masomo. Miaka yote hiyo kocha alikuwa akihama bila kukaa nje hata mechi moja. Aprili 2024 kocha John Calipari aliondoka Chuo Kikuu cha Kentucky kwenda cha Arkansas na msimu uliofuata alikuwa benchini kama kawaida, huku Kentucky ikianza upya na kocha mpya asiye na mchezaji mwenye ufadhili aliyebaki. Hakuna gazeti lililomwita mhamahamaji.

Sasa nieleze jambo ambalo mwandishi wenu hakulijua au hakulitafuta. Msimu ukiisha, kwa timu nyingi ni Machi, kocha huwaita wachezaji ofisini mmoja mmoja. Ni mazungumzo ya dakika chache. Asiyetakiwa haambiwi kwamba ametemwa. Anaambiwa mwakani dakika za kucheza zitakuwa chache, kwamba wanaleta watu wawili wa nafasi yake, kwamba kwa faida yake mwenyewe aitazame potali. Kijana wa miaka 20 anatoka pale akiamini amepewa ushauri wa kibaba. Anakwenda kwenye ofisi ya chuo inayosimamia kanuni, anamaliza somo fupi la mtandaoni linalotakiwa, anaandika barua pepe ya mistari miwili kwamba anaomba kuhama, na ndani ya siku mbili za kazi chuo kinalazimika kuingiza jina lake. Hapo ndipo penye mtego. Tangu Agosti 2024 vyuo vyote vya Daraja la Kwanza vimezuiwa kumnyang'anya mchezaji ufadhili kwa sababu ya kiwango chake uwanjani. Kocha akitamka wazi kwamba hamtaki, ufadhili unabaki, na kijana anaweza kumaliza shahada yake hata asipogusa mpira tena. Lakini kijana akiomba mwenyewe kuhama, chuo kina ruhusa ya kuukata ufadhili ule muhula ukiisha. Akijutia kesho yake na kutaka jina litolewe, chuo hakilazimiki kumpokea tena. Kocha analijua hili neno kwa neno, ndiyo maana anachagua maneno yake kwa uangalifu mkubwa kiasi kile. Nafasi moja ya ufadhili imefunguka, hakuna aliyefukuzwa kwenye karatasi, na gazeti la nyumbani linaandika kwamba mchezaji kaomba kuondoka.

Namfahamu senta mmoja, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, kutoka Kanda ya Ziwa aliyepitia haya. Februari goti lilivimba, akapigwa picha ya MRI, akaambiwa apumzike. Machi akaitwa ofisini. Aliingia potali wiki hiyohiyo, na kabla wiki haijaisha akapata barua pepe kwamba ufadhili wake unakoma mwisho wa muhula. Kocha wa chuo kingine akampigia simu akamwambia nafasi ipo, asizungumze na wengine. Katikati ya Mei kocha huyo akapata senta mwenye uzoefu zaidi na akaacha kujibu ujumbe. Ahadi ya simu haina uzito wowote mpaka karatasi ya ufadhili isainiwe na chuo, ila nani alimwambia? Chuo cha tatu kilipomtaka, daktari wao akaomba picha za goti, na picha ziko chuo cha kwanza, na aliyekuwa akizishughulikia yuko likizo. Julai alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni kwa Watanzania wenzake, mguu umewekwa juu ya mto, simu mkononi. Mama yake alisoma mtandaoni kwamba mwanawe ameitoroka timu.

Masomo ndiyo yanayoumiza kimyakimya. Shahada nyingi huku ni krediti 120, yaani alama za kuhesabia masomo yaliyokamilishwa. Mchezaji aliyemaliza miaka mitatu kipimo chake cha siku zote ni kuwa amefikia asilimia 60 ya shahada, yaani krediti 72, na miaka miwili asilimia 40. Akihama, chuo kipya kinaweza kupokea krediti 66 kati ya hizo na barua ikaonekana nzuri. Lakini kupokelewa ni jambo moja na kuhesabiwa kwenye shahada ni jambo lingine. Somo la uhasibu linaingia kama somo la hiari, maabara ya baiolojia hailingani na ya kwao, na kati ya 66 zinabaki 48 tu zinazofaa kwa shahada aliyokuwa akiisoma. Hiyo ni asilimia 40. Amepungukiwa krediti 24, na kiangazi kizima hakitoshi kuzifidia. Basi kocha mpya anamsukuma kwenye shahada ya masomo ya jumla, inayomeza kila krediti, ili aruhusiwe kucheza Novemba. Kijana aliyetoka Mwanza kusomea uhandisi anamaliza na cheti ambacho hata yeye hawezi kueleza kinamwandaa kwa kazi gani.

Kuhusu viza sitarefusha, lakini wazazi wanaosoma gazeti hili walishike. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, akihama, kumbukumbu zake za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ziachiliwe na chuo cha zamani kwa tarehe inayopangwa. Tarehe hiyo ikishapita, chuo cha zamani hakina tena uwezo wa kuzigusa. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Zile siku 60 za neema ni za aliyemaliza masomo, si za aliyeachwa njiani. Na kama amekuja nyumbani likizo baada ya kumbukumbu kuhamishwa, asirudi kwa kutumia I-20, ile hati ya chuo inayomtambulisha kama mwanafunzi wake, ya chuo cha zamani. Atasimamishwa uwanja wa ndege.

Hayo ya wasaka noti yameniudhi kuliko yote. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vinaweza kuwagawia moja kwa moja hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka huo wa kwanza. Lakini mwenye viza ya F-1 kazi yake kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na mikataba ya matangazo inaweza kuivunja viza hiyo. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alihama Chuo Kikuu cha West Virginia kwenda Kentucky, akawa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mwaka 2022, na bado ilibidi shughuli za mikataba yake zifanyike Bahamas wakati timu ilipokuwa ziarani Agosti ile, kwa sababu ya viza. Kuhama kulimfaa Tshiebwe, na sipingi kuhama. Ila huyo ndiye aliyekuwa juu ya wote. Fikirieni mchezaji wa tisa wa chuo kidogo anasaka noti gani.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na la mawakala, kwa sababu kocha asiyewajibika na wakala asiyewajibika wanalishana. Wapo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi. Wanachukua kijana mrefu wa miaka 16, wanamtafutia shule ya maandalizi ya chuo huku Marekani, wanakaa na pasipoti yake na I-20 yake wakidai ni kwa usalama. Pasipoti ni ya mtoto, akae nayo mwenyewe. Shule ya sekondari ya serikali huku Marekani ina kikomo cha miezi 12 kwa mwenye F-1, tena kwa kulipa gharama yote, kwa hiyo wakala anayewaahidi miaka mitatu ya bure katika shule ya serikali anawadanganya. Kijana akifika chuo, wakala huyohuyo ndiye anayempigia Machi kumwambia akubali ushauri wa kocha, maana kila uhamisho kwake ni biashara mpya.

Makocha waliojua wajibu wao wamekuwepo. John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown aliweka mezani mpira wa kikapu uliotolewa upepo, wachezaji wauone kila waingiapo na kukumbuka kwamba mpira una mwisho, na mratibu wa masomo, Mary Fenlon, alikaa benchini pamoja naye kwenye mechi. Dikembe Mutombo alifika pale kutoka Kinshasa mwaka 1987, mwaka wa kwanza hakucheza, na aliondoka mwaka 1991 akiwa na shahada.

Pendekezo langu ni hili. Kati ya mazungumzo ya kocha na jina kuingizwa potali zipite siku saba. Dirisha la usajili la 2025 lilikuwa siku 30, kwa hiyo saba zinaingia bila shida. Ndani ya siku hizo ijazwe karatasi moja, kurasa mbili zisizidi. Msajili wa chuo aandike ni krediti ngapi kijana anazo na asilimia ngapi ya shahada. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iandike tarehe ambayo viza itaanza kuwa hatarini. Daktari aandike kila jeraha lililopatikana wakiwa naye na kumkabidhi picha zake kwenye diski, mkononi. Kocha aandike kwa mkono wake, "Mimi ndiye niliyemwambia aondoke" au "Ameomba mwenyewe nami nilitaka abaki," kisha asaini. Halafu kocha ampigie mzazi yeye mwenyewe, akiwa na mkalimani, saa 7 mchana ya Ohio, ambayo mwishoni mwa Machi ni saa 2 usiku Dar es Salaam, watu wamesharudi kutoka kazini. Karatasi itafsiriwe kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ya nyumbani kwa kijana, na nakala ibaki kwa mzazi.

Mwandishi wenu naye, kabla ya kuandika tena kwamba fulani ameomba kuhama, aombe kuiona hiyo karatasi.

Wasalaam,
Mshauri mstaafu wa masomo ya wanamichezo
Columbus, Ohio