Si jipu, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Najua dada yako ameshakupigia akalia kwenye simu, ukabaki huelewi lolote. Sasa nisikilize mimi.

Kile kiuvimbe cha nyuma ya sikio, ambacho msusi alikigusa akasema jipu, si jipu. Hakina joto, hakina usaha, ni kigumu tu. Mjomba wako alikuja kutoka Sengerema (daraja la Busisi limemfanya mgeni wa kila mara) na wembe wake tayari kukipasua, nikamkatalia. Hospitali ya Bugando wakakata kipande, maabara wakakuta chembe zilezile za saratani yangu ya mirija ya nyongo.

Sijapata saratani ya pili, ya ngozi, juu ya ile ya kwanza. Ugonjwa ni uleule, umehama. Mara nyingi huishia kwenye ini, tezi, utando wa tumbo, mapafu au mifupa. Ngozi ni nadra, tena ngozi ya kichwa! Madaktari wanafunzi waliitana kuja kukibonyeza, kila mmoja anasema "samahani mama", mpaka nikacheka.

Kwa hiyo kukikata peke yake hakuniponyi. Inatakiwa dawa ya kuzunguka mwili mzima, zile dripu za gemsitabini na sisplatini. Daktari hakunificha: haziung'oi ugonjwa, zinaupunguza kasi. Kimrija walichoniwekea kwenye njia ya nyongo bado kinapitisha. Macho yametakata, choo hakiko cheupe tena, na ule muwasho wa usiku umeniacha.

Jirani anasema ni samaki wa ziwani. Nilimuuliza daktari. Kumbe minyoo ya ini inayoleta saratani hii iko sana Thailand na Laos, wanakokula samaki wa maji baridi wabichi. Sato wangu mimi namkaanga mpaka mifupa inatafunika, na nitaendelea kumla.

Haya, kiwanja cha Buswelu. Nimesikia mnatafuta mteja ili mnipeleke India. Nilimuuliza daktari huko wangenianzishia nini, akasema dripu hizihizi. Basi kiwanja kisiuzwe. Kikiuzwa bila mimi kujua, sipandi hiyo ndege. Mkeo mwambie hivyohivyo, maana najua wazo lilitoka kwake, na nia yake ni njema.

Shule zikifunga njoo na watoto. Uniletee kitambaa cha pamba cha kufunga kichwa; hivi vya Makoroboi vinateleza.

Mama yako