Mama, izime hiyo programu ya simu

Mama,

Mbukwa! Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu ilibidi nikae chooni na mlango umefungwa, maana jirani alikuwa amewasha jenereta lake. Nikaanza kukujibu kwa meseji, kidole gumba kikachoka kabla sijafika popote. Ndiyo maana ya barua hii.

Hongera kwanza. Mtoto wa Tabata, kazi imekuhamishia Dodoma, na katika yote yanayouzwa huko wewe ukaona ununue zeze! Mama yako kacheka mpaka kakaa chini. Yeye alikuwa anasubiri zabibu.

Sasa hiyo programu inayokuambia kila mara kwamba sauti haiko sawa. Izime. Inapima kwa kinanda, na Wagogo hawakuzitoa nyimbo zao kwenye kinanda. Jaribu hivi: sugua kwa uta uzi mmoja ukiwa wazi, bila kuugusa kwa kidole, usikilize. Kisha uguse katikati kwa ncha ya kidole, usiubonyeze, na usugue tena. Sauti ni ileile, ila imepanda. Sogea kwenye theluthi ya uzi, halafu robo, moja ya tano, moja ya sita. Kila mahali uzi una sauti yake iliyojificha. Ukifika moja ya saba utasikia sauti ambayo kwenye kinanda haipo: iko chini ya kibao kilicho jirani nayo kwa karibu theluthi ya nusu toni. Sikio la kwaya litakwambia imekosewa. Hiyo ndiyo yenyewe, mama. Ukihesabu uzi ulio wazi kuwa sauti ya kwanza, nyimbo za Kigogo zimejengwa juu ya sauti ya nne mpaka ya tisa. Ndiyo maana watu wakiimba kwa sauti nyingi kwa pamoja, na wanawake na ngoma zao za muheme katikati ya mapaja, hazigombani.

Haya niliyajua nikiwa nimeshaharibu.

Mwaka 1981 babu yangu alikuja Dar kututembelea, zeze lake ndani ya gunia. Hakuna aliyemwambia habari za unyevu wa huku. Ngozi ya mbuzi ililegea, zeze likawa linaongea kama mtu mwenye mafua. Akaomba jiko la mkaa, akakaa uani, akawa anakigeuza kile kibuyu juu ya makaa, umbali wa shubiri moja hivi, huku anaigonga ngozi kwa ukucha. Pwa. Pwa. Akageuza tena. Ilipofika "ta" akakiondoa. Akapaka utomvu kwenye katani ya uta, akaegemeza kibuyu tumboni, akaanza kuimba.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, napiga kinanda kanisani, najiona fundi. Vijana wa mtaani wakapita getini, mmoja akasema, "Mpeni shilingi huyo." Unajua mji huu unavyotuita sisi Wagogo: ombaomba. Aibu ikanipanda, na badala ya kumjibu yule kijana nikamgeukia babu. Nikamwambia mbele za watu kwamba wimbo wake umetoka nje ya sauti, nikamwimbia na ile "sahihi".

Babu akaniangalia. Akaivuta ile sauti peke yake, ndefu. "Hii?" Akaivuta tena. Kisha akalirudisha zeze guniani. Alikaa kwetu siku tisa zaidi na gunia halikufunguliwa.

Nilikuja kuipata kaseti ya Hukwe Zawose nikiwa mtu mzima, babu ameshafariki. Zawose alikuwa Mgogo wa huko huko Dodoma, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akalipeleka zeze na ilimba, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya mpaka alipofariki mwaka 2003. Kwenye ile kaseti sauti ya babu ilikuwepo, palepale alipokuwa akiiweka. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza, nikarudisha tena mpaka mkanda ukajikunja. Bado inanikera kwamba mpaka wazungu wapige makofi ndipo masikio yangu yalipozibuka.

Kwa hiyo usinitumie tena picha ya kioo cha simu chenye mshale mwekundu. Tafuta mzee. Nenda Mvumi, nenda Chamwino siku za ngoma, na mwezi wa kwanza ukae tu usikilize. Nyuzi mbili zinakutosha, achana na mazeze yenye nyuzi chungu nzima. Uta usiukandamize; kwenye ile sauti yako nasikia unakandamiza, unakwaruza kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Na uimbe, mama. Ukipiga kimya kimya mzee atakuuliza unamngoja nani.

Dodoma ni kukavu, ngozi itakaza yenyewe, ila usiliache juani likapasuka. Ukija na treni Desemba, lifunge kwenye kanga mbili, ulipakate, usilitupie kule juu kwenye mizigo ya watu. Huku litalegea tu, hilo halina ujanja. Mkaa nimeshanunua debe moja. Mama yako anasema eti jiko la gesi litatosha. Halitoshi.

Baba yako