Makala za safari zishuke ngazi za Pont Neuf

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala za safari zinazochapishwa gazetini mwako. Kila inapotajwa Paris, msomaji hupelekwa mbio Mnara wa Eiffel, kisha Louvre, kisha madukani, na habari ikaishia hapo. Nilipofika huko, mahali palipoutuliza moyo wangu hapakuwa na kiingilio wala foleni. Ni bustani ndogo ya umma iitwayo Square du Vert-Galant, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Île de la Cité, pale mikono miwili ya mto Seine inapokutana tena.

Huingiwa kwa kushuka ngazi nyuma ya sanamu ya Mfalme Henri wa Nne akiwa juu ya farasi, kwenye Pont Neuf, daraja ambalo jina lake maana yake ni "daraja jipya" ilhali lilikamilika mwaka 1607 na ndilo kongwe kuliko yote yaliyosalia mtoni humo mjini. (Jina la bustani nalo ni lakabu ya mfalme huyo, aliyejulikana kwa kupenda wanawake hata umri ulipomtupa mkono, wenyeji hawakuona haya kuliandika kibaoni.)

Utamu wote umo katika kule kushuka. Bustani iko kiasi cha mita 7 chini ya barabara za kisiwa, na hicho ndicho kimo cha ardhi ya zamani, kabla vizazi havijarundika vifusi na kujenga juu yake, hivyo anayeketi pale chini ya miti, maji yakimpitia kushoto na kulia, huwa amekaa usawa uleule waliokanyaga watu wa kale. Karibu na hapo, kibao chakumbusha kwamba Jacques de Molay, mkuu wa mwisho wa wanajeshi watawa wa Hekalu, alichomwa moto Machi 1314.

Kwa kuwa iko chini, mto ukifura huimeza bustani, kama ilivyotokea Juni 2016 na Januari 2018. Hilo nalo msomaji anastahili kuambiwa kabla hajafunga safari.

Nawaomba basi waandishi wako, watakapoiandika Paris tena, wampunguzie msomaji duka moja na kumpa nusu saa ya kukaa kwenye ncha ile jua likizama.

Ni mimi,
Msomaji wako wa siku nyingi