Kwa Da Neema, juu ya maji ya ziwa na kazi ya komite ya afya

Goma, Katindo

Da Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wote wa Kyeshero. Nimefurahi sana kusikia kwamba wamekuchagua kuwa rais wa CODESA, yaani komite ya maendeleo ya eneo lenu la afya. Uliniomba nikuandikie kazi yenyewe ilivyo ili uwasomee wenzako. Nitaandika kwa urefu, maana karatasi za semina zinaeleza vizuri nani akalie kiti gani, lakini hazielezi mkono ushike nini.

Habari za ngazi nazipita haraka. Nchi yetu ina zoni za afya 519; hapa mjini tuna ya Goma na ya Karisimbi, na Nyiragongo inapakana nasi upande wa kaskazini. Kila zoni ina maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake na muuguzi mkuu, yule tunayemwita IT. CODESA ni sauti ya wakaaji mbele ya IT na mbele ya ofisi ya zoni, na mikono yake ni mareko, wajitoleaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Mtakutana mara moja kwa mwezi. Mkutano uanze na hesabu za mwezi uliopita kabla ya hotuba yoyote. Hilo likishindikana, mengine yote yatakuwa maneno.

Kwenu kazi kubwa itakuwa kipindupindu, na kipindupindu ni habari ya maji. Mji wetu unalijua jambo hilo. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwamba wa volkano ulikataa kuchimbwa, si kwa vyoo wala kwa makaburi, na maji ya karibu yalikuwa ya ziwa. Mwamba upo bado, na watu wengi wa Kyeshero bado wanachota ziwani.

Tuanze na klorini yenyewe. HTH, ule unga wa kutengenezea dawa ya maji, una klorini asilimia 65 hadi 70. Gramu 15, yaani kijiko cha supu kimoja kilichosawazishwa, katika lita moja ya maji safi, vinatoa dawa ya asilimia 1. Itengenezwe katika chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga. Chuma hakifai: kinaliwa na klorini, na klorini nayo inaisha. Tikisa, funika, acha nusu saa. Chokaa nyeupe itashuka chini. Tumia maji maangavu ya juu tu, kwa kuwa chokaa inaziba bomba la sindano tunalopimia dawa, na kipimo kinapungua bila mtu kuona. Dawa hii isipitishe juma moja hata ikifichwa kivulini, na ile inayoshinda juani kando ya ziwa ibadilishwe kila siku. Ndoo ya HTH yenyewe ifungwe barabara baada ya kila matumizi, ikae mbali na unyevu, na isiwekwe kamwe chumba kimoja na mafuta ya petroli au ya mazuti, maana vikikutana vinaweza kuwaka moto.

Mililita moja ya dawa hiyo ina miligramu 10 za klorini. Ukiitia katika bidoni ya lita 20, umeweka miligramu 0.5 kwa kila lita. Mililita 4 zinaweka miligramu 2. Hesabu hii kila reko aijue kichwani, ili akikuta bomba la mililita 5 mahali pa lile la mililita 10 ajue la kufanya.

Lakini kiasi cha kutia hakikaririwi, kinapimwa. Chukua bidoni nne zilizooshwa, zijaze maji ya sehemu ileile, tia mililita 2, 3, 4 na 5, funga, ngoja, kisha pima kila moja kwa kidonge cha DPD namba 1. Maji yenye klorini yanageuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Unachagua bidoni yenye kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachofikisha kipimo unachotaka. Rudia kila juma, na urudie tena baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji ya mvua yanateremsha udongo na takataka ziwani, na uchafu unakula klorini kabla haijawafikia vijidudu. Maji yakiwa ya tope, yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa, ndipo yatiwe dawa.

Sasa shika hili vizuri, kwa kuwa ndipo maji ya Kivu yanapotofautiana na ya mahali pengine. Vitabu vingi vinasema ngoja nusu saa na ubakize klorini kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kanuni hiyo ni ya maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, haijapita 8. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9, na hapo sehemu kubwa ya klorini inageuka kuwa ya aina dhaifu, inayoua vijidudu polepole sana. Kidonge cha DPD hakitenganishi kali na dhaifu. Kinaonyesha zote mbili kwa rangi ileile. Kwa hiyo bidoni ya ziwani na bidoni ya bombani zinaweza kuwa na waridi sawa kabisa, na ya ziwani ikawa haijawa salama. Kwa maji haya ngojeni saa nzima, na mbakize kati ya 0.4 na 1. Hata kipimo cha pH chenye rangi nyekundu (phenol red) kinaishia 8.2: maji ya ziwa yatakupa rangi ya mwisho ya ubao wa kulinganishia, na mtu asiyejua ataandika 8.2 huku maji yako juu zaidi. Jambo jingine: klorini ikizidi mno, rangi ya waridi inafutika na maji yanabaki meupe. Reko akiona meupe mara tu baada ya kutia dawa, asiongeze nyingine. Achukue sehemu moja ya maji hayo, aichanganye na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, apime tena.

Kule ufukoni mtakuta watu wa kutia dawa, kila mmoja na bomba lake lisilo na sindano. Kazi yao ni ya heshima na wanaifanya kwenye jua na upepo. Komite iangalie mambo ambayo wao peke yao hawawezi kuyarekebisha. La kwanza ni saa. Watu wanashuka kuchota kabla jua halijachomoza, na mtu wa klorini akifika saa moja asubuhi, maji ya kupikia uji yamekwisha kupanda mlimani bila dawa. La pili ni wauzaji wa maji wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Wanabeba bidoni nyingi kwa mara moja, wana haraka, na baadhi wanaikwepa dawa wakisema wateja hawapendi harufu. Kaeni nao kikao peke yao, muwaonyeshe kipimo, mkubaliane. Muuzaji mmoja anafikia nyumba nyingi kuliko reko yeyote, kwa hiyo msimwendee kama adui.

Ila maji hayanywewi ufukoni, yananywewa nyumbani, na hapo ndipo ningependa komite yako itie nguvu zake zote. Kila juma mareko wachague nyumba kumi katika avenyu moja, bila kutoa taarifa, waombe kikombe cha maji ya kunywa na kuyapima papo hapo. Daftari liwe na safu hizi: tarehe, avenyu, maji yametoka wapi, yalichotwa saa ngapi, yamehifadhiwa katika chombo gani, klorini imebaki ngapi. Baada ya saa 24 maji yawe bado na 0.2 au zaidi. Nyumba saba katika kumi zikionyesha sifuri, msikimbilie kuwalaumu akina mama. Someni safu. Kama zote zimechota sehemu moja, tatizo liko kwenye dawa au kwenye bomba la sindano. Kama zimechota kabla ya alfajiri, tatizo ni saa. Kama ni mchanganyiko, angalieni vyombo.

Vyombo vina maneno mengi. Bidoni ya njano ya zamani ina utelezi wa kijani ndani, na utelezi huo unakula klorini usiku kucha. Inaoshwa kwa sabuni na konzi ya changarawe nyeusi ya kwetu: tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, mwaga, suuza mpaka maji yatoke safi. Iliyowahi kubeba petroli iachwe kabisa. Bidoni isiyo na kifuniko, iliyozibwa kwa kiazi au kipande cha mfuko, ihesabiwe kuwa iko wazi. Na familia inayomimina maji kwenye sufuria pana kisha kila mtoto anazamisha kikombe, inachafua maji yaliyokuwa mazuri. Bidoni yenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo ya bei, kwa sababu mkono hauingii.

Ugonjwa ukija, saa zinahesabika. Mfundishe kila reko: mtu wa miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji na kuishiwa maji mwilini vibaya, au kufa kwa hali hiyo, ni mshukiwa wa kipindupindu hata kama hakuna mlipuko uliotangazwa. Mlipuko ukishatangazwa, yeyote anayeharisha majimaji, mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, anahesabiwa. IT apigiwe simu siku hiyohiyo, naye aarifu zoni ndani ya saa 24. Sampuli ichukuliwe kabla ya kumpa mgonjwa antibiotiki, lakini matibabu yasingoje majibu ya maabara.

Mgonjwa anywe ORS, dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, tangu nyumbani, na aendelee njiani. Pakiti moja katika lita moja kamili ya maji salama, isipite saa 24. Pima hiyo lita: chupa ya maji ya lita moja na nusu inawapotosha wengi, na dawa inakuwa nyepesi. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo mkono usikadirie. Anayezimia au asiyeweza kunywa anahitaji maji ya Ringer kwenye mshipa: kwa mwenye mwaka mmoja au zaidi, mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kila kilo ndani ya saa mbili na nusu. Hiyo ni kazi ya wauguzi. Kazi yenu ni kwenda stoo kila mwezi na kuhesabu kwa mikono, maana mgonjwa mmoja mzito anaweza kumaliza lita 8 hadi 10. Linganisheni hesabu yenu na fishi ya stoki, mtazame tarehe za mwisho, muandike tofauti mbele ya IT. Muuguzi mwaminifu atafurahi kuwa na shahidi.

Nyumba ya mgonjwa haihitaji watu wenye mashine ya kupulizia dawa. Wanaingia mara moja, wanatisha mtaa mzima, na familia zinaanza kuficha wagonjwa. Wape familia sabuni, klorini na maelezo, na muwape majirani wa karibu vilevile siku hiyohiyo. Ya kunawa mikono ni asilimia 0.05: gramu 7 za HTH katika lita 10. Ya sakafu, kitanda na choo ni asilimia 0.2: gramu 30 katika lita 10. Kila chombo kiandikwe, kwa sababu haya maji mawili yanafanana machoni.

Vyoo ni shida ndefu, nami sina jibu fupi. Pale ambapo lava haichimbiki, choo kinajengwa juu ya ardhi kwa mawe, chenye tangi linalozibwa na mlango wa kutolea. Mipasuko ya lava inapitisha maji machafu haraka, basi shimo lisilozibwa karibu na ufuko linarudi ziwani. Swali la kwanza kabla ya kujenga ni kinyesi kitatolewa na nani na kupelekwa wapi. Kama hakuna jibu, choo hicho kitajaa na kufungwa kwa kufuli.

Kwa kuanza ombeni zoni kipimo cha klorini na vidonge vya DPD vya miezi mitatu. Nyumba kumi kwa juma ni vidonge karibu 130. Ongezeni vya majaribio ya bidoni nne, muombe 200. Daftari la safu sita nitakupa kwa mtoto wa jirani anayeshuka Kituku Jumamosi, uwachoree wenzako.

Aksanti kwa kukubali kazi hii. Wasalimie watoto.

Ni mimi dada yako,
Zawadi