Mwalimu mgeni Mwanza, ijue kwanza barabara ya shule yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wanaopangiwa vituo Mwanza, wa ajira mpya na wa uhamisho, hasa wanaokuja peke yao, hawana mwenza wala shangazi wa kufikia. Mwalimu wa namna hiyo hushuka stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo jioni, akalala gesti siku mbili, na siku ya tatu dalali ameshamwonyesha chumba kizuri chenye vigae na geti, naye ameshatoa kodi ya miezi sita. Shule yenyewe anakuja kuiona wiki inayofuata. Akigundua amepanga mbali, hana la kufanya mpaka miezi hiyo iishe, maana hela imeshaliwa.

Jiji hili limebanwa kati ya ziwa na milima ya mawe, na magari karibu yote yanategemea barabara kuu tatu zinazoanzia katikati ya mji. Ya Nyerere inakwenda Mabatini, Nyakato, Igoma na Kisesa, kuelekea Musoma. Ya Kenyatta inapita Igogo, Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara. Ya Makongoro inapita Kirumba na Pasiansi kwenda uwanja wa ndege. Anayefundisha kwenye barabara moja na kulala kwenye nyingine mara nyingi hulazimika kuingia mjini kwanza, abadilishe daladala, ndipo atoke tena. Zipo njia za kuunganisha, kama Buhongwa–Igoma, Pasiansi–Buzuruga, Sabasaba–Kiseke–Buswelu na ile ya mchepuko ya Usagara–Kisesa, lakini usizitegemee mpaka umepanda gari huko mwenyewe alfajiri ya siku ya kazi. Njia kuwepo kwenye ramani ni jambo moja, daladala kuwepo saa 11:30 ni jambo jingine.

Tupige hesabu. Mwalimu wa shule ya Kisesa amepanga Nyegezi. Tuseme kila kipande cha safari ni shilingi 600. Vipande viwili kwenda na viwili kurudi ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 52,800. Angepanga Igoma angepanda gari moja tu, 26,400 kwa mwezi. Angepanga Kisesa kwenyewe angetembea. Hapo hatujahesabu boda ya kutoka nyumbani hadi barabarani, ambayo kwa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi inafika 44,000 kwa mwezi. Chumba "cha bei rahisi" kilichojificha kilomita mbili ndani ya mtaa kinaweza kuwa ghali kuliko kilicho kando ya lami.

Tena kuna wiki ya zamu. Mwalimu wa zamu anatakiwa afike kabla ya wanafunzi, asimamie usafi na mstarini. Anayebadilisha magari mawili ataondoka nyumbani saa 11 alfajiri, gizani. Kwa dada anayeishi peke yake, dakika kumi za kusubiri gari kwenye giza kila siku ni jambo la kupewa uzito kuliko vigae.

Kwa mwenye shule ya Usagara au vijiji vya Misungwi, Buhongwa inafaa sana: sokoni pazuri, na asubuhi unakwenda kinyume na msongamano wa wanaoingia mjini. Kwa shule za Magu za upande wa Kisesa, angalia Igoma au Kisesa. Buswelu na Kiseke ni za walimu wa Ilemela ya ndani. Anayepangiwa ng'ambo, Sengerema, asidhani kwamba daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemfanya mkazi wa mjini. Limeondoa foleni ya kivuko, lakini urefu wa safari haujapungua. Wa Kamanga, ng'ambo hiyo hiyo, ndiye pekee anayeweza kulala katikati ya jiji kwa faida, kwa kuwa kivuko cha Kamanga kinaondokea hapo hapo mjini.

Sasa nyumba yenyewe. Mwanza kadiri unavyopanda mlimani ndivyo kodi inavyoshuka, na sababu ni maji. Bugarika, Igogo, Mabatini na milima ya Kitangiri ina vyumba vya bei nafuu na upepo mzuri wa ziwa, ila presha ya bomba hufika juu kwa shida, mara nyingi usiku tu. Mtu mmoja anayefua na kupika hutumia kama madumu matatu ya lita 20 kwa siku. Nyumba ya watu sita yenye tangi la lita 1,000 inamaliza maji hayo kabla ya siku ya tatu kuisha. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" Uliza majirani, si mwenye nyumba: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yakikatika mnachota wapi na dumu ni shilingi ngapi.

Uliza pia choo. Kwenye mawe shimo halichimbiki kwenda chini, kwa hiyo vyoo vingi vya mlimani ni vifupi. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea hujaa na kutapika, na maji yake hushuka kwa jirani wa chini. Nenda ukaangalie ukuta wa nyuma ya choo: ukiona mstari wa unyevu wenye ukoga, umeshapata jibu.

Bondeni nako kuna yake. Nyumba zilizojengwa kando ya majaruba ya mpunga zinavutia wakati wa kiangazi. Mvua ikija, udongo mweusi wa mbuga unashika tairi la boda mpaka haligeuki, na mbu hawana likizo. Ukikuta alama ya maji ukutani, hata kama imepakwa rangi mpya, ipime kwa goti lako. Kwa wa pwani ya ziwa, Igombe, Kayenze au Luchelele, jambo kubwa ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hivyo kuoga au kufua ukiwa umesimama ziwani ni hatari hata maji yakionekana safi. Yakichotwa na kuachwa kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku mbili, vijidudu hivyo hufa na maji yanafaa kuogea. Ya kunywa yachemshwe.

Umeme nao umewaumiza wengi bila kujua. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwekwa kwenye bei ya chini, karibu theluthi moja ya bei ya kawaida. Mwalimu mmoja mwenye taa, pasi, televisheni na friji ndogo anaenea humo. Lakini nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, kila chumba kikitumia uniti 20 tu, inafika 120, na wote mnalipa bei kubwa. Mita yako peke yako ina thamani ya kuongeza hata shilingi elfu kadhaa kwenye kodi. Kabla ya kulipa, nunua umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo uone makato. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021, na mita iliyokaa muda bila kununuliwa umeme hulimbikiza deni. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi itatolewa kwenye pango.

Hayo yote hukwamia kwenye mshahara. Mwalimu aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, 5 ya PSSSF (pensheni), 3 ya NHIF (bima ya afya) na 2 ya CWT (chama cha walimu) akiwa mwanachama. Katika kila shilingi 100,000 za mshahara wa msingi, 25,000 zimeondoka kabla ya kodi ya mapato. Mtu huyo akidaiwa kodi ya miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali, anakimbilia mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, na kuacha kadi ya benki kwa mkopeshaji. Nimesema "anakimbilia" kwa makusudi, kwa kuwa hapewi muda wa kufikiri. Omba miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wa Igoma, Buhongwa na Kisesa hukubali wakijua ni mwalimu, kwa sababu mshahara wake wanaujua tarehe. Hela ikabidhiwe mwenye nyumba, si dalali, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mkataba utaje kodi, notisi, mita na maji.

Ukipewa nyumba ya shule, ikague kabla ya kuikataa. Sikiliza darini jioni kama kuna popo. Kuwatoa na kuziba dari ni gharama ya mara moja, nauli ni ya kila siku.

Ombi langu kwa ofisi za elimu za Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi na Sengerema ni dogo. Mwalimu anaporipoti, apewe siku hiyo hiyo jina la shule, barabara iliyopo, na namba ya simu ya mwalimu mkuu, pamoja na orodha ya nyumba za walimu zilizo wazi. Na wakuu wa shule wawatafutie wageni mwalimu mmoja wa kuwahifadhi wiki mbili za kwanza, ili wachague chumba wakiwa wametulia.

Mwalimu, Igoma, Mwanza